Leseni ya Bunduki Imekataliwa au Imefutwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Rufaa (Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya)

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa zaidi na wakulima, wafanyabiashara na wastaafu kutoka Molo hadi Busia ambao wameandikiwa barua ya kukataliwa, kutohuishiwa au kufutiwa leseni ya bunduki. Kila jibu linajitosheleza. Pale jambo limeelezwa kwingine, tunakuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Anayeamua ni polisi au ni bodi?

Anayeamua ni Bodi ya Leseni za Silaha, ambayo watu wengi huiita FLB. Iko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na ilichukua nafasi ya afisa mkuu wa leseni baada ya sheria za usalama kurekebishwa mwaka 2014. Ndani yake mna wawakilishi wa Huduma ya Taifa ya Polisi, Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, shirika la wanyamapori (KWS) na idara ya ujasusi (NIS). Kazi yake ni kuthibitisha kama mtu anafaa, kutoa leseni, kubadilisha masharti yake na kuifuta.

Polisi wa eneo lako hawatoi leseni, lakini mkono wao umo ndani ya faili. Ripoti ya OCS (mkuu wa kituo cha polisi), ya kamanda wa kaunti ndogo na ya DCI (idara ya upelelezi wa jinai) ndizo zinazosomwa na Bodi Nairobi. Ukikataliwa, mara nyingi chanzo ni sentensi moja au mbili zilizoandikwa huku nyumbani. Kwa hiyo rufaa nzuri huelekezwa kwa Bodi lakini hujibu kilichoandikwa kituoni.

Je, kumiliki bunduki ni haki yangu?

La. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Silaha kinataka mambo mawili: uwe na sababu ya kutosha ya kuwa na bunduki, na kuwa nayo kusihatarishe usalama wala amani ya umma. Pia kinamzuia mtu mlevi wa kupindukia, asiye na akili timamu, au asiyefaa kukabidhiwa silaha kwa sababu nyingine yoyote.

Kilicho haki yako ni namna uamuzi unavyofanywa. Ibara ya 47 ya Katiba inakupa haki ya hatua ya kiutawala iliyo halali, ya busara, isiyocheleweshwa na inayofuata utaratibu wa haki, na sababu zake uandikiwe. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 ndiyo inayoeleza undani wa haki hiyo. Ukiandika rufaa inayosema “nina haki ya bunduki” umeshaanza kwa mguu mbaya. Andika kwamba umetimiza masharti ya kifungu cha 5, na kwamba uamuzi haukufuata sheria ya 2015.

Ni maamuzi yapi ninayoweza kupinga?

Kukataliwa leseni mpya, kukataliwa kuihuisha, kufutiwa, na kuwekewa masharti mapya. Kimya pia ni uamuzi: kukosa kuchukua hatua kunahesabika kuwa hatua ya kiutawala, kwa hiyo ombi lililolala mwaka mzima bila jibu linaweza kupingwa.

Pendekezo baya la kituo pekee, kabla Bodi haijaamua, si wakati wake wa rufaa. Hapo unaandika barua ya maelezo kwa Bodi mapema ili ipokee upande wako pamoja na ripoti hiyo.

## Barua ikishafika

Nimefutiwa leseni. Nifanye nini kwanza?

Fanya mambo matatu kwa mpangilio huu. Andika nyuma ya bahasha tarehe uliyoipokea na jina la aliyekuletea, kisha upige picha bahasha na barua. Kabidhi bunduki na risasi (maelezo yako katika swali linalofuata). Halafu siku hiyo hiyo au kesho yake andika barua mbili: moja ya kuomba sababu na nyaraka, nyingine ya rufaa.

Watu wengi huanza na kupiga simu kwa “mtu anayejuana na watu”. Wiki mbili zinapita, tarehe zinaliwa, na mkononi huna karatasi hata moja.

Naweza kukaa na bunduki hadi rufaa isikizwe?

Usithubutu. Leseni ikishafutwa, bunduki iliyo kwako haina cheti (ndivyo sheria inavyoiita leseni), na kuwa na bunduki bila cheti ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 4, lenye kifungo cha miaka mingi. Kukata rufaa hakurudishi uhai wa cheti. Isitoshe, anayesoma rufaa yako anauliza swali moja tu: mtu huyu anaweza kuaminiwa na silaha? Ukikataa kuikabidhi, umeshamjibu.

Kukabidhi si kukubali kosa. Andika kwenye barua yako: “Nimekabidhi silaha kwa kutii sheria, bila kukubali sababu za uamuzi.”

Nikabidhi vipi ili isipotee wala nisije kulaumiwa?

Kuwa makini zaidi hapa, maana malalamiko mengi ya baadaye huzaliwa dakika hizi.

Mpigie OCS simu kabla ya kuondoka nyumbani, umwambie unakuja saa ngapi na umebeba nini. Nenda mchana. Nyumbani, ukiwa umeelekeza mtutu mahali salama, toa magazini kwanza, kisha vuta nyuma chuma kinachofunga chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) uone chemba iko tupu kwa macho na kwa kidole. Ukitoa magazini peke yake na risasi moja ikabaki chembani, bunduki bado imejaa. Hilo ndilo kosa linaloua watu kaunta. Weka bunduki kwenye mkoba wake, risasi kwenye mfuko tofauti, magazini tupu pembeni. Ukifika, usiitoe mwenyewe: sema unachokabidhi na umwache afisa aifungue.

Kabla ya kutoka kituoni hakikisha umepata:

- namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), pamoja na tarehe na saa;
- aina ya bunduki, kipimo cha risasi na namba ya bunduki (serial number) iliyochongwa kwenye chuma, vyote vikiwa vimeandikwa humo;
- idadi ya risasi na magazini, zilizohesabiwa mbele yako;
- jina, cheo na namba ya utumishi ya afisa aliyepokea;
- sahihi yake kwenye orodha yako ya nakala mbili, moja ukiondoka nayo.

Namba ya bunduki isomwe kutoka kwenye chuma, isinakiliwe kutoka kwenye cheti. Tarakimu moja ikikosewa OB, siku ya kuirudisha utaambiwa bunduki yako haimo ghalani. Orodha yako iandae nyumbani, uichape au uiandike kwa kalamu, maana kituo huenda kisiwe na fomu ya kukupa.

Barua haina sababu, imeandikwa tu kwamba “sifai”.

Omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 6 cha sheria ya 2015 kinakupa haki ya kupewa sababu za uamuzi na nyaraka zinazohusika ili uweze kukata rufaa, na mwenye kuamua anatakiwa ajibu ndani ya siku 30 tangu apokee ombi. Asipojibu, mahakama huchukulia kwamba uamuzi haukuwa na sababu nzuri mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ndiyo maana barua hii fupi ina nguvu hata ikipuuzwa, alimradi unao ushahidi kwamba ilifika. Iandike hivi:

“Kwa mujibu wa Ibara ya 47(2) ya Katiba na kifungu cha 6 cha Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala, 2015, naomba kupewa kwa maandishi sababu za uamuzi wenu wa tarehe ______ kuhusu cheti namba ______, pamoja na nakala za ripoti na nyaraka mlizozitegemea.”

Peleka kwa mkono ugongewe muhuri wa masijala kwenye nakala yako, au utume kwa rejesta posta na uhifadhi risiti. Barua pepe iwe ya kuongezea.

Sikuandikiwa. OCS aliniambia tu kwa mdomo nirudishe bunduki.

Heshimu, kabidhi kama ilivyoelezwa hapo juu, kisha mwandikie OCS na nakala kwa Bodi ukiuliza: je, leseni yangu imefutwa, lini, na nani? Polisi anaweza kuichukua bunduki kwa uchunguzi bila leseni kuwa imefutwa, na kila hali ina njia yake. Ukikimbilia rufaa dhidi ya uamuzi ambao Bodi haijaufanya, utaambiwa hakuna kitu cha kusikiza.

## Kuandika rufaa

Rufaa naipeleka kwa nani, na nina siku ngapi?

Kifungu cha 4(3) cha sheria ya 2015 kinataka uamuzi unaokuumiza uje na taarifa ya haki yako ya mapitio (uamuzi kuangaliwa upya) au rufaa ya ndani. Kwa hiyo anza na barua yenyewe: fuata anwani na muda ulioandikwa humo. Kama haitaji chochote, elekeza kwa mwenyekiti wa Bodi, nakala kwa Waziri anayesimamia usalama wa ndani, na uandike kwamba unaomba ipokewe kama rufaa au ombi la mapitio, lolote linalofaa kisheria. Kutotajiwa njia ya rufaa ni kasoro ya uamuzi. Iorodheshe kama hoja.

Kuhusu siku: lenga kuwasilisha ndani ya siku 14 hata kama barua inakupa zaidi. Usingoje sababu zije ndipo uanze. Wasilisha rufaa fupi sasa, umalizie na mstari huu: “Nahifadhi haki ya kuongeza hoja nitakapopewa sababu na nyaraka nilizoomba tarehe ______.”

Barua ya rufaa iwe na nini?

Kurasa mbili zinatosha, tatu zikizidi. Juu kabisa weka jina, namba ya kitambulisho, namba ya cheti, tarehe ya uamuzi na namba ya OB ya kukabidhi silaha. Hiyo OB iweke pale juu makusudi, msomaji ajue kabla ya mengine yote kwamba bunduki haiko mtaani.

Kisha aya moja ya uamuzi unaopingwa. Halafu hoja, kila moja na namba yake, kila moja ikifuatwa na kiambatisho kinachoithibitisha. Mwisho ombi: uamuzi ubatilishwe, au usikizwe ana kwa ana kabla ya uamuzi mpya, au leseni irudishwe kwa masharti utakayoyataja mwenyewe. Hili la mwisho watu hulisahau. Ukijitolea kuhifadhi bunduki kwenye sanduku jipya la chuma litakalokaguliwa na kituo, au kupimwa tena ustadi wa kutumia silaha, unampa msomaji njia ya kukubali bila kumfedhehesha aliyeamua mwanzo.

Usimtukane OCS. Kama ripoti yake ina uongo, sema ni sentensi ipi na uweke karatasi inayoipinga.

Niambatishe ushahidi gani?

Inategemea ulikataliwa kwa nini. Kosa kubwa ni kujaza barua kumi za sifa kutoka kwa chifu, mchungaji na mwalimu mkuu ilhali ulikataliwa kwa kukosa sababu ya kutosha. Barua za sifa hujibu swali la tabia. Sababu hujibiwa kwa matukio.

*Umeambiwa huna sababu ya kutosha.* Mfugaji wa mpakani Trans Nzoia na Pokot Magharibi, au wa upande wa Sondu kati ya Kisumu na Kericho, alete namba za OB za wizi wa mifugo, tarehe zake, na barua ya msaidizi wa chifu inayotaja matukio hayo hayo. Mwenye duka la jumla au wakala wa pesa kwa simu alete taarifa za benki za miezi sita zinazoonyesha fedha anazosafirisha, na ripoti za kuvamiwa kama zipo. Aeleze pia kwa nini njia nyepesi hazitoshi: ulinzi wa kampuni, gari la kubebea pesa, kengele. Uwindaji usiutaje kabisa, umepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 1977. Nyati akitoka hifadhini Nakuru au kiboko akipanda shambani kutoka ziwani, wa kuitwa ni KWS, na kumpiga risasi mwenyewe kunaweza kukuletea kesi nyingine.

*Umeambiwa tabia yako hairidhishi.* Leta hati mpya ya tabia njema kutoka DCI. Ombi linafanywa kwenye eCitizen na alama za vidole huchukuliwa hata Huduma Centre za Nakuru na Kisumu. Kama kuna kesi ya zamani, leta nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama. Usiifiche, wataiona.

*Umeambiwa afya au ulevi.* Barua ya zahanati ya mtaani haitoshi. Leta ripoti ya daktari bingwa wa afya ya akili, kwa mfano kutoka hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu, au ile ya Nakuru, yenye tarehe za kukuona, vipimo alivyofanya, maoni yake juu ya wewe kushika silaha hasa, na namba yake ya usajili. Ripoti inayosema tu “yuko sawa” haina uzito.

*Umeambiwa hukuhifadhi silaha vizuri.* Sheria inataka bunduki ihifadhiwe salama wakati wote. Piga picha ya sanduku likiwa limefungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, bolti zikionekana, pamoja na risiti ya fundi. Sanduku linaloweza kubebwa na watu wawili ni sawa na begi. Risasi ziwe na kufuli lake. Taja nani ana ufunguo. Jibu zuri ni mtu mmoja tu.

Naweza kuandika kwa Kiswahili?

Ndiyo, kwa Bodi na kwa Waziri. Ibara ya 7 ya Katiba inakifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mahakama Kuu ni habari nyingine, kwa kuwa kesi zake huendeshwa kwa Kiingereza. Viambatisho vya Kiswahili vitahitaji tafsiri vikifika huko, basi zihifadhi nakala safi.

Rufaa nyingi huanguka wapi?

Zinajibu lawama ambayo haikutolewa. Zinachelewa. Zinaambatisha nakala za nakala zisizosomeka. Zinapingana na maelezo ambayo mwenyewe aliyaandika kwenye fomu ya kwanza (tafuta nakala ya fomu hiyo kabla ya kuandika neno). Na hazina ushahidi wa kuwasilishwa, hivyo miezi mitano baadaye unaambiwa hakuna faili.

## Mahakamani

Naweza kuruka Bodi niende kortini moja kwa moja?

Kwa kawaida hapana. Kifungu cha 9(2) cha sheria ya 2015 kinaikataza mahakama kusikiza ombi la mapitio kabla njia za ndani za rufaa hazijamalizwa. Kifungu cha 9(4) kinaruhusu msamaha kukiwa na hali ya kipekee, lakini ni lazima uuombe na ueleze kwa nini. “Bodi inachelewa” bila barua za kukumbusha haitoshi. Barua tatu za kukumbusha zilizogongwa muhuri, bila jibu, zinaanza kusikika.

Muda wa kwenda mahakamani ukoje?

Ukitaka amri ya kufuta uamuzi kwa njia ya mapitio ya mahakama, Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, inaweka kikomo cha miezi 6 tangu tarehe ya uamuzi. Angalia vizuri: ni tarehe iliyo kwenye uamuzi, wala si siku uliyofungua bahasha.

Tuseme barua ni ya tarehe 3 Machi na ikakufikia Kakamega tarehe 20. Hesabu inakupeleka mapema Septemba. Ukiomba sababu tarehe 23 Machi, siku 30 za jibu zinaisha karibu na tarehe 22 Aprili. Ukingoja rufaa ya ndani bila kufuatilia, Agosti inafika. Mwone wakili ifikapo mwezi wa nne wa hesabu hiyo, si wa sita. Bishano la kwamba muda ulipaswa kuhesabiwa tofauti ni bishano la kuepuka.

Korti ipi?

Mahakama Kuu. Kuna vituo vyake Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia, Siaya, Homa Bay, Kisii na kwingine, na hati huwasilishwa kwa mtandao. Kuwa Bodi iko Nairobi hakukulazimishi kusafiri kila mara, ingawa mawakili wengine hupendelea kitengo cha mapitio cha Milimani, Nairobi. Ukishindwa, unakwenda Mahakama ya Rufaa, ambayo hukaa Kisumu na Nakuru pia. Taarifa ya kukata rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14 za uamuzi.

Jaji atanirudishia leseni?

Mara chache sana. Jaji hapimi kama wewe ni mtu mzuri wa kubeba bastola. Anapima kama ulipewa taarifa mapema, kama ulisikizwa, kama sababu zilitolewa na zina msingi, na kama Bodi ilitumia mamlaka iliyopewa na sheria. Ukishinda, uamuzi hufutwa na jambo hurudishwa kwa Bodi liamuliwe upya kwa njia sahihi. Bodi inaweza kukukatalia tena, safari hii kwa sababu zilizonyooka.

Tunalisema hili waziwazi kwa sababu watu huuza ng'ombe kugharamia kesi wakidhani mwisho wake ni bunduki mkononi. Kama sababu ya Bodi ni ya kweli na unaijua, tumia hizo pesa kuirekebisha kisha uombe upya.

Naweza kuomba uamuzi usimamishwe kesi ikiendelea?

Unaweza, na mahakama hutazama uzito wa hoja zako na usalama wa umma. Lakini hata ukipata amri ya kusimamisha, usiende kituoni kuchukua bunduki kwa maneno ya wakili kwa simu. Isome amri yenyewe: isipotaja kurudishiwa silaha, ibaki ghalani.

Lazima niwe na wakili?

Kwa rufaa ya ndani, la. Kwa Mahakama Kuu inaruhusiwa kujiwakilisha, ila fomu na hati za kiapo zina mitego. Thibitisha kwamba wakili ana cheti cha mwaka huu kwa kumtafuta kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK. Asiye na uwezo aulize Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria.

## Njia nyingine za malalamiko

Ombudsman na IPOA wanaweza kunisaidia?

Tume ya Haki ya Utawala, yaani CAJ, ndiyo Ombudsman. Ina ofisi Kisumu na hushughulikia ucheleweshaji, kimya na kunyimwa taarifa. Ukiomba nyaraka chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ofisi ina siku 21 kujibu. Ikikataa, unaweza kwenda CAJ ndani ya siku 30. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, yenye ofisi Nakuru, Kisumu na Kakamega, ni ya mwenendo wa polisi wenyewe: kupigwa, kutishwa, bunduki kupotea kituoni.

Hakuna kati yao anayerudisha leseni, na malalamiko kwao hayasimamishi ile miezi 6.

Kuna mtu anadai pesa “aisukume” faili.

Usimpe. Malipo halali hupitia eCitizen na hutoa risiti. Leseni iliyopatikana kwa mlango wa nyuma hufutwa ukaguzi ukija. Desemba 2018 serikali iliagiza wenye bunduki wote wakaguliwe upya ndani ya siku 90. Ripoti kwa EACC, tume ya kupambana na ufisadi, simu ya bure 1551.

## Hali zisizo za kawaida

Nilishtakiwa, kesi ikaisha. Mbona leseni haijarudi?

Inategemea iliishaje. Kuondolewa mashtaka chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai si kuachiliwa huru; unaweza kushtakiwa upya. Kuachiliwa chini ya kifungu cha 210 au 215 kuna uzito zaidi. Hata hivyo kesi ya jinai huthibitishwa pasi na shaka, na Bodi haihitaji kiwango hicho kuona kwamba hufai. Leta nakala iliyothibitishwa ya uamuzi wote, si ukurasa wa mwisho tu. Kama hakimu alisema shahidi alidanganya, onyesha aya hiyo. Kama alisema tu ushahidi haukutosha, eleza tukio lenyewe katika hati ya kiapo.

Wanasema sababu ni siri ya usalama wa taifa.

Sheria inaruhusu baadhi ya taarifa zizuiwe. Omba basi kiini chake: ni tuhuma ya aina gani, ya kipindi gani, bila kutaja mtoa habari. Ukikataliwa hata hicho, ndiyo hoja ya kwenda nayo kortini, maana huwezi kujibu kitu usichokijua.

Mke wangu aliripoti ugomvi, baadaye tukapatana.

Barua ya kupatana iliyoandikwa wiki moja baada ya ripoti huonekana kama shinikizo, na mara nyingine ndivyo ilivyo. Usimsukume aandike. Nyumba yenye vitisho haifai kuwa na bunduki, na hapa tunakubaliana na Bodi kukawia. Kama ni kweli mambo yametulia, kinachosaidia ni muda, ripoti ya mshauri nasaha aliyewaona wote wawili kila mmoja peke yake, na bunduki kuwa imekaa kituoni kipindi chote hicho.

Niliomba kuhuisha mapema, muda ukaisha bila jibu.

Leseni huhuishwa kila mwaka. Risiti ya ombi inaonyesha hukuzembea, lakini haigeuki kuwa leseni. Siku ya mwisho ikifika bila jibu, andikia Bodi, kabidhi bunduki kituoni ikahifadhiwe, uchukue OB. Dereva wa gari la polisi pale Salgaa au Mau Summit hataki kusikia habari za mtandao wa eCitizen.

Mzee amefariki na kuacha bunduki ya shambani.

Cheti kilikuwa chake, hakirithiwi pamoja na shamba. Msiigawe, msiifiche darini mpaka matanga yaishe. Pelekeni kituoni mara moja pamoja na cheti chake na kibali cha mazishi au hati ya kifo, mkichukua OB na orodha kama ilivyoelezwa juu. Anayetaka kuimiliki anaomba leseni kwa jina lake, kwa sababu zake. Kazi ya baba haiwi sababu ya mwana. Akikataliwa, ana haki zote za rufaa zilizotajwa, na familia inaweza kuiuza kwa muuza silaha aliyesajiliwa, kwa idhini ya Bodi.

Mimi ni polisi wa akiba na bunduki yangu imechukuliwa. Nikate rufaa Bodi?

Hapana. Bunduki ya polisi wa akiba ni mali ya serikali, hukupewa kwa leseni ya raia. Swali lako ni la utumishi, nalo linaanzia kwa kamanda wa kaunti ndogo kwa maandishi. Haki ya kupewa sababu chini ya Ibara ya 47 unayo vilevile, kwa hiyo ile barua ya kifungu cha 6 iandike, ukibadilisha anwani na kuondoa namba ya cheti.